Matembezi ya Salimu

Mwezi wa tisa baridi ya Lushoto ilipokatika na miti ya pichesi ikachanua hata kabla ya kutoa majani, Mwalimu Mwajuma alimwita yaya wake akamwambia, "Yudith, kuanzia leo sitaki kumkuta Salimu ndani. Mtoto amekaa gizani tangu Juni kama kiazi cha mbegu. Mtoe nje apigwe jua."

Ampeleke wapi? Mwalimu hakusema, wala hakutoa hata senti ya kununulia karanga. Lakini Yudith alikuwa mzaliwa wa Gare, milima ileile, alijua kwamba kwa mtoto wa miaka miwili na nusu mji mzima ni mchezo usio na kiingilio. Basi akaanza. Leo stendi, kutazama basi la Mombo linavyofika linahema. Kesho darajani, kutupa majani mtoni upande huu na kukimbilia upande wa pili kuyaona yakitokea. Siku nyingine uwanja wa mpira, kuwafukuza mbuzi waliokuwa wakila nyasi za golini. Hata Irente, kwenye ukingo wa mlima, alimfikisha, akambeba mgongoni njia nzima, na Salimu alipoona mabonde yale yote chini na mkonge umejipanga, akayapungia mkono, "Kwa heri!" Yudith alicheka mpaka akakaa chini.

Na alikuwa hodari, msiniambie kitu. Yaya wengine walikaa barazani wakisukana huku watoto wanakula udongo. Yeye alijua kichaka gani kina vipepeo na ukuta gani una mijusi.

Sasa, huku kwetu Usambaa mwanamke akishazaa, jina lake la usichana linawekwa pembeni. Anaitwa kwa mwanawe, na anayemwita vinginevyo anaonekana hana adabu. Wauza mboga wa sokoni walimwona Yudith kila siku na mtoto mgongoni, wakamwita Mama Salimu. Mara ya kwanza alitaka kukanusha, akaona haya. Mara ya pili akaitika. Ya tatu ikamnogea. Na hapo ndipo alipoharibu, maana Yudith alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, na mtoto huyo aliitwa Kristofa.

Kristofa alikuwa Gare kwa bibi yake, Bibi Tekla, mama yake Yudith. Amemzidi Salimu kidogo tu kwa umri. Baba yake, Rubeni, alishuka kwenda mashamba ya mkonge, akapotelea huko. Yudith alipokuja kuomba kazi, Mwalimu alimwambia waziwazi, "Nataka msichana asiye na mtoto. Yule wa kwanza kila mwanawe akikohoa, yeye huyo njiani." Enzi hizo za Azimio kila mtu alikuwa ndugu, na mume wa Mwalimu, Bwana Shabani wa ofisi ya ushirika, alimwita yaya wake "ndugu Yudith". Lakini nepi za Salimu hazikujifua kwa undugu. Yudith akajibu, "Sina mtoto, Mwalimu." Neno likamtoka jepesi hivyo, na kwao ni mama yake tu aliyeambiwa.

Kila mwezi alikwenda Gare mara moja, na sabuni na sukari. Alifika amechoka, akafua, akapalilia, akalala, akarudi. Kumtembeza Kristofa? Hata mpaka kisimani hakuwahi. Usiku alipomlaza Salimu, jambo hilo lilimrudia. Anajua Salimu anaogopa jogoo na anapenda ukoko wa wali. Wa kwake anaogopa nini? Hajui! Mama gani huyo? Alijiuliza hivyo, akalia kimyakimya, na kesho yake akaenda tena darajani na Salimu kutupa majani.

Siku ya gulio Mwalimu alitoka naye kwenda sokoni, Salimu mgongoni kwa Yudith kama kawaida. Muuza kabichi akapaza sauti, "Mama Salimu! Njoo, nimekuwekea nzuri!"

"Abee, naja!" Yudith akaitika, akageuka akicheka. Nyuma yake alisimama Bibi Tekla. Amemshika Kristofa mkono, miguu ya wote wawili ina vumbi jekundu la njia ya Gare.

"Shikamoo, mama," Yudith alisema.

"Marahaba." Bibi akamtazama yeye, akamtazama mtoto aliye mgongoni, akatazama kile kitambaa kizuri cha mbeleko. "Alikuwa anakuulizia. Nikasema leo nimlete."

Mwalimu akasogea, mwanamke mwenye adabu zake. "Shikamoo, mama. Yudith, kumbe ni mama yako! Na huyu mwanamume?"

Yudith akafungua mdomo. Angesema, kazi ingeishia hapo hapo mbele ya kabichi.

Bibi Tekla ndiye aliyejibu. "Mjukuu wangu. Wa mwanangu mwingine."

Ole wake Yudith! Alitamani ardhi impokee. Mama yake, mwanamke asiyekosa misa, amesema uongo mchana kweupe ili kulinda uongo wa binti yake.

"Basi karibuni nyumbani mnywe chai," Mwalimu akasema. "Yudith, wachukue watoto wote wawili, nenda nao mtoni wakacheze."

Ndivyo Kristofa alivyotembezwa na mama yake kwa mara ya kwanza, kwa amri ya mwajiri. Mwanzoni alisimama kando amekunja mikono kama mgeni kwenye harusi ya watu. Salimu akampa jani. Kristofa akalitupa, akakimbilia upande wa pili wa daraja, akaliona. Alicheka! Yudith hakuwa anajua mwanawe ana kishimo shavuni anapocheka. Akamtazama kama anayeiba.

Jua lilipopungua wakaanza kupanda kurudi. Salimu akanyoosha mikono, "Nibebe." Na Yudith, kwa mazoea tu, Mungu amsamehe, akainama akamfunga mgongoni. Kristofa hakulia. Alishika pindo la kanga akatembea, miguu ileile iliyotoka Gare asubuhi. Walipofika katikati ya kilima akavuta kanga taratibu.

"Mama Salimu," alisema, "nimechoka."

Yudith alisimama. Akafungua mbeleko, akamshusha Salimu chini, akambeba Kristofa. Salimu akapiga kelele mji mzima ukasikia. Yudith akamshika mkono, wakapanda hivyo hivyo.

Barazani Mwalimu aliinuka. "Yudith, mbona wangu anatembea huku analia, na umembeba mtoto wa watu?"

"Si wa watu, Mwalimu. Huyu ni wangu. Nimemzaa mimi."

Bibi Tekla akaweka kikombe chini. Mwalimu akamgeukia. "Na wewe mama, umenidanganya, halafu unakunywa chai yangu?"

"Nimekudanganya, mwanangu. Ningefanyaje?"

Mwalimu aliinama kumchukua Salimu. Salimu akamsukuma, akanyoosha mikono kwa Yudith, analia, "Mama! Mama!" Mwalimu akabaki ameinama hivyo, mikono mitupu, uso umemshuka. Kisha akasema polepole, "Mambo ya kazi tutazungumza. Leo mpeleke mwanao nyumbani."

Yudith akambeba Kristofa mpaka Gare. Bibi alimwambia apokezane naye, akakataa, ingawa kiuno kilimuuma na kiza kilianza kuingia. Mtoto alichoka hoi, alikuwa anasinzia. Lakini njia nzima alijikaza, amekaa wima, mikono ameikunja kwake mwenyewe bila kumshika mama yake, kama mtoto aliyefundishwa kutowasumbua wageni.