Geji ya Mama Upepo

Yeyote aliyewahi kuushuka ule mteremko wenye kona kumi na moja anamjua Mama Upepo, na kama hamjui basi alishuka kwa bahati yake tu. Kibanda chake kilikuwa juu kabisa, pale barabara inapoanza kuinama: mabati manne, kompresa inayokohoa, beseni la maji la kutafutia pancha, na geji kuukuu ya kupimia upepo, iliyoning'inia msumarini kwa kamba ya kiatu. Ukimpelekea pikipiki hakusalimii kwanza. Anasema, "Panda."

Unapanda, na mzigo wako wote, kama utakavyoshuka nao. Yeye anachuchumaa, anatazama tairi linavyojitandaza chini, kisha analigonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Anajaza upepo. Anagonga tena. Mwisho anachomeka geji, anaikazia macho, anaitikia kwa kichwa. "Tayari. Nenda." Wenye pikipiki walimtania sana. "Mama, nimekuja kujaziwa upepo, si kupigwa picha!" Yeye wala hasikii.

Miongoni mwa wateja wake alikuwepo muuguzi wa zahanati, ambaye watu wote walimwita Sista. Kila Jumanne Sista alishuka bondeni na sanduku la chanjo nyuma ya pikipiki, kwenda kuchanja watoto na kuwapima uzito. Mwaka wake wa kwanza aliwahi kuanguka kwenye kona ya tano, tairi la nyuma likiwa na upepo mdogo, akabaki na kovu kidevuni. Tangu siku hiyo aliapa hashuki bila Mama Upepo kusema "nenda". Kwa miaka minane hakuanguka tena.

Sasa ofisi ya zahanati, ofisi ni ofisi, ikamletea Sista geji mpya ya namba zinazowaka, pamoja na karatasi: tairi la nyuma lenye mzigo, upepo thelathini na tatu. Jumatatu Sista alirudi kutoka mzunguko mrefu, jua la saa nane likichoma lami, akapima pale pale uani kwake. Thelathini na nane! "Loo, huyu mama ananijaza kama mpira," akasema. Akabonyeza valvu kwa kijiti mpaka ikasoma thelathini na tatu kamili, akajiona fundi. Kichwa kilimvimba, tusifichane.

Asubuhi ya Jumanne kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Sista alipita mbele ya kibanda akipunga mkono, mwendo mmoja, wala hakusimama. Kona ya kwanza, pikipiki ikayumba nyuma kidogo. Ya pili ikayumba zaidi, na sanduku likamvuta upande wa korongo. Akasimama, akapima: ishirini na nane. Akageuza, akapanda mteremko polepole, kovu likimwasha kana kwamba limechubuka jana.

Mama Upepo alikuwa amesimama barabarani, mikono kiunoni.

"Nilikuona. Nikasema, huyo atarudi, Mungu akipenda. Ulipima saa ngapi kwa hiyo geji yako?"

"Jana mchana, Mama. Nilipofika nyumbani."

"Umetoka safari? Tairi bado moto?" Akapiga kofi paja lake. "Jamani, huyu ndiye anayechoma watoto wetu sindano! Upepo ukipata moto unavimba, mwanangu. Uliupunguza wa mchana, asubuhi ukasinyaa. Tairi hupimwa likiwa limelala usingizi, halijaenda popote. Panda!"

Sista akapanda kama mtoto aliyekemewa. Ko, ko, ko. Kompresa ikakohoa. Ko, ko. Mama Upepo alipogeuka kuzima mashine, Sista akashuka chapuchapu, akachomeka geji yake nyuma. Thelathini na tatu. Akaitoa, akairudisha. Thelathini na tatu.

Akataka kulinganisha. Akatungua geji kuukuu msumarini, akaichomeka nyuma: mshale ulikaa kwenye thelathini. Akaichomeka mbele: thelathini. Akaishika hewani, haijagusa kitu. Thelathini vilevile.

"Mama," alisema, "geji yako imekufa."

"Najua. Ilidumbukia kwenye beseni mwaka ule niliobadilisha mabati."

"Mwaka ule... Mama! Hiyo ni miaka sita!"

"Saba," alisahihisha Mama Upepo.

"Na kila Jumanne unaitumbulia macho?"

"Sasa nifanyeje, Sista? Nyie watu wa shule hamtulii mpaka muone mshale. Mshale si huo hapo? Tulieni."

Sista akaketi juu ya tairi bovu. Miaka saba, kila Jumanne, kona kumi na moja, kwa kifundo cha kidole! "La mbele lina ngapi?" aliuliza.

Mama Upepo akagonga. "Ishirini na tisa."

Sista akachomeka geji yake mbele, namba zikawaka: ishirini na nane nukta tisa.

"Hiyo nukta yako ni ndogo mno kwa kidole changu, utanisamehe. Kabla haijafa nilikuwa nayo miaka ishirini. Ikisoma, nami nagonga. Ilipokufa nilikuwa nimemaliza kusoma."

Sista alitaka kucheka, ikashindikana. Akalitazama sanduku la chanjo. Barafu ya sandukuni ilikuwa ya kufika alasiri tu, na kina mama wa bondeni walikuwa wameshatoka majumbani tangu alfajiri, watoto mgongoni. Asiposhuka sasa, chanjo ingeharibika na watoto wale wangekosa mwezi mzima. Lakini ile kona ya pili! "Mama, naogopa," alisema waziwazi. "Nitajuaje kwamba hukisii?"

Mama Upepo akachuchumaa mbele yake, akapunguza sauti.

"Mama yako alipofariki mwaka juzi, nikufanyie nini mie, sikuwa na maneno. Ila Jumanne uliyorudi kazini ukapanda hapa, nikaona tairi halilali kama zamani. Wiki iliyofuata kulala kwake kukapungua tena. Nikasema, huyu mtoto hali chakula. Ulipungua kilo saba, nane hivi. Nikakupunguzia upepo wa nyuma, usije ukarukaruka kwenye mawe. Nikawa napunguza kila wiki. Halafu mwezi wa sita ukapanda, tairi likajitandaza chini kidogo. Siku hiyo nilifurahi, Sista! Nikaanza kukuongezea."

Zilikuwa kilo nane. Sista aliijua hesabu hiyo yeye peke yake, kwa sababu alikuwa amelibana gauni la kazi kwa pini mbili, na wenzake zahanatini walimsifu eti amependeza, amekonda vizuri. Akayatazama yale magoti ya Mama Upepo yenye grisi, na kile kidole chenye sugu, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Haya, barafu inayeyuka," Mama Upepo alisema, akijifanya kutafuta kitambaa. "Panda."

Akapanda. Mama Upepo akachukua geji mfu, akaichomeka, akaikazia macho, akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote.

"Tayari. Nenda."

Sista alizishuka kona zote kumi na moja, na pikipiki haikuyumba hata mara moja. Bondeni kina mama walikuwa wamepanga foleni, mizani imeshafungwa mtini. Akampokea mtoto wa kwanza, na kabla hajamning'iniza akamshika kwanza mikononi, akamtazama vizuri, kisha akamtazama na mama yake.

"Na wewe," akamuuliza, "unakula?"