Noti ya Mama Ilipokwenda kwa Akinyi

Sisi tuliokulia Doha, Lusail ikiwa bado mchanga mtupu, raha zetu tulijitafutia wenyewe. Mtaani kwetu Abu Hamour tulicheza rede kwenye maegesho mpaka jua litue, tukanunua chai ya karak na chapati ya yai, tukarudi nyumbani midomo ikinukia iliki. Watoto wa siku hizi uwape kwanza nywila ya mtandao ndipo wakuamkie.

Alhamisi jioni Baba, dereva wa hoteli, alitupeleka Al Sadd kwenye kwaya ya wakazi, mimi na Akinyi, jirani yetu Mkenya aliyeishi na baba yake. Walikuwamo wahasibu, wauguzi na walinzi, watoto tukisimama mbele. Tuliimba Kilatini tusichokielewa hata neno, na mwalimu alitukataza kuyumba. Akinyi akapewa mistari miwili aimbe peke yake. Mimi niliyeitamani kuliko nguo za Idi nikaachwa kundini. Wivu ulinikaba, jamani. Nilichukia hata mafuta aliyopaka nywele.

Nilijipa moyo kwa jambo moja. Siku ya onyesho nilimwona Mama akiipiga pasi noti ya riyali. Kwetu Unguja mwimbaji akikugusa moyo unainuka ukamtunze pesa, na nilijua atakayetunzwa ni mwanawe.

Ukumbi ulikuwa kimya, fidla zikalainika, Akinyi akaanza. Mara Mama huyo, katoka kitini na baibui lake, anakuja mbele kwa madaha, noti juu, mabega yakicheza. Wenye suti wakageuka kumtazama. Fimbo ya mwalimu ikabaki hewani. Nikanyoosha shingo, tabasamu tayari. Mama akanipita. Akamtia Akinyi noti mkononi, akapiga kigelegele, akarudi kukaa kana kwamba yuko harusini.

"Mathako amenibamba sana!" Akinyi aliniambia nyuma ya jukwaa, yaani mama yangu kamfurahisha mno. Garini nikamuuliza Mama kwa nini hakunipa mimi.

"Wewe n'nakusikia kila siku jikoni," alisema. "Mwenziwo mamaake yuko Kisumu. Nani angemtunza?"

Jibu lilikuwa zuri, na halikunisaidia kitu. Nililia mpaka Abu Hamour.

Juzi nilikwenda Lusail kumsikiliza binti wa dada yangu. Ukumbi mpya, viti laini, wazazi wote wameinua simu. Alipoimba peke yake niliishika noti mkobani, lakini niliona haya kuinuka, na Mama wa kunisukuma tumeshamzika. Mtoto alipomaliza alitafuta uso wa mtu, akakuta simu tupu, na yangu ikiwemo. Akinyi siku ile alitazama mbele akamwona mama wa mwenzake akimjia akicheza, kwa ajili yake tu. Namwonea wivu mpaka kesho.