Kompyuta ya Kufungwa Mgongoni

Leo, dukani hapa Uvira, nimefungwa kompyuta mgongoni kama mtoto mchanga.

Nilikuwa nimekwisha kuchagua yenye kioo cha inchi kumi na saba. Macho yangu yana miaka sabini!

Muuzaji, Furaha, niliyemfundisha darasa la tatu, akakataa kuniuzia.

"Mama Mwalimu, vita ikirudi, weye utakimbia nayo namna gani?"

Nilimwambia auze, asihubiri.

Akachukua kitenge chake, akanigeuza mbele ya wateja, akanifunga ile kubwa.

"Tembea, Mama."

Hatua tatu tu, ikaanza kuteleza. Wateja walicheka. Mimi sikucheka.

Akanifunga ya inchi kumi na tatu. Ikatulia.

Hapo nikakumbuka kijiji chetu cha Lemera. Tulipokimbia vita, niliacha mezani kompyuta yangu nzito, na ndani yake kamusi yangu ya lugha yetu, Kifuliiru, kazi ya miaka tisa.

Nimenunua ndogo. Nimekuza herufi mpaka maneno manne yanajaza mstari, nami naona vizuri.

Furaha, asante, mwanangu. Darasani ulikuwa mbishi, nashukuru hukubadilika.

Kamusi naianza upya. Kila mmoja aniandikie hapa chini neno moja la Kifuliiru la bibi yake, kwa tahajia sahihi.