Akina Frimarel Waliobaki

Si kweli kwamba Solène Frimarel aliacha jina la baba yake kwa kuona haya kuwa ukoo ulianzia kwa mtoto wa kuokotwa. Maneno hayo yalitoka kwenye duka la mikate. Mama yake, Edmée, aliyefundisha shule ya kijiji miaka thelathini na minne, hakuwahi kuuficha mwanzo huo. Wanafunzi wake wote waliujua. Mwaka 1799 kichanga kiliachwa mlangoni pa hospitali ya wilaya, na karani akakitungia jina kutokana na Frimaire, mwezi wa sakitu katika kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa. Kichanga kikakua, kikanunua shamba, na shamba hilo halijatoka mikononi mwa ukoo.

Alhamisi moja mchana alikuja kwa Edmée Bwana Tessandier, mstaafu wa posta anayekusanya majina adimu na kuyasimulia kwenye ukumbi wa kijiji. Kwa hesabu yake, waliozaliwa na jina hilo Ufaransa nzima kwa miaka mia moja hawakufika sabini, na karne hii hajazaliwa hata mmoja. Walio hai ni wawili: Solène, na Gaétan, binamu wa marehemu mume wa Edmée, kapera wa miaka tisini aliye kwenye nyumba ya wazee. Akauliza kama amhesabu na mwenye nyumba. Edmée akamwambia mke hulitumia tu jina la mumewe. Kwenye vyeti yeye ni Petit, jina lililozagaa nchi nzima.

Hakumwambia kwamba Solène alikwisha kupeleka fomu kwa meya kuomba jina la mama yake. Sheria ilimtaka arudi mwenyewe, mwezi ukiisha, athibitishe. Mwezi ulikuwa unaisha kesho yake.

Asubuhi Solène alipitia kwa mama yake kwanza. Akanywa kahawa bila kuvua koti.

"Mama, ukisema nisiende, siendi."

Edmée aliendelea kukata mkate. Miaka minane nyuma walimzika Aubin, kaka yake Solène, aliyeangukiwa na trekta. Pale kaburini, mbele ya kijiji kizima, baba yao alisema leo jina la Frimarel limezikwa. Solène alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, mzima, Frimarel kama yeye. Edmée alisikia akanyamaza, akazidi kunyamaza mpaka mume naye akafa. Sasa alitafuta uchungu ndani yake, hakuuona. Aliona makombo mezani, akayafuta.

"Utakuwa Petit, basi," alisema. "Wamejaa wale, hawana hata pa kukaa."

"Nitajibana."

"Haya, wahi. Joëlle wa ofisi ya meya hufunga saa sita, hata kama umeshaingiza mguu mmoja."

Jumatatu Bwana Tessandier alirudi. Habari alikwisha kuzipata. Kwenye daftari lake akafuta mbili, akaandika moja, kisha akauliza kwa upole kama sababu ni ile habari ya mtoto wa kuokotwa.

"Siyo."

"Basi ni nini, Madamu? Watu watauliza, nami nitakuwa nimesimama mbele yao ukumbini."

Edmée alimletea kofia yake.

"Waambie mwanzo wa jina, waambie amebaki mmoja. Hayo ni yako. Mengine ni ya nyumba hii, bwana, na siyasemi."