Besi Nzito ya Joachim

Joachim wa sokoni asinisalimie. Miaka kumi na tatu anauza vikorokoro vya simu hapa Songea mjini, watu wanamwita fundi. Fundi gani? Fundi wa makelele!

Mimi ni Notburga wa Ruhuwiko, naimba sauti ya pili kwaya ya kigango. Noti hatusomi. Mwalimu anajirekodi na kinanda chake, anatutumia kwenye simu, tunasikiliza mpaka tunashika. Safari hii nilipewa shairi la wimbo niimbe peke yangu, tena kwenye misa ya nadhiri za daima za binti yangu mtawa, Violet. Nililia kwa furaha, sifichi.

Spika ya simu yangu imekufa, nikaenda kwa Joachim kutafuta hedifoni za kuchomeka masikioni. Zipo za elfu tatu, zipo za elfu kumi na tano.

"Chukua hizi za elfu nane, mama. Besi nzito! Bei ya kutupa."

Akaniwekea muziki wake, du-du-du mpaka meno yakacheza. Nami mjinga nikajua nimepata mali. Ndio ujinga wetu huo, tunapima hedifoni kwa kishindo.

Nyumbani kinanda kilinguruma, mwalimu akasikika kama mtu aliyefunikwa blanketi. Pale nisiposikia, nikabuni. Juzi mazoezini nikaimba vya kubuni vyangu mbele ya kwaya nzima. Wakacheka, wapumbavu wale. Mwalimu hata hakunitazama, shairi akampa mwenzangu Rosemary.

Jana asubuhi nikamtupia Joachim hedifoni zake mezani.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo! Umeniibia."

"Mali ikishauzwa hairudi, mama. Nzima hizo."

"Nzima? Haya, vaa. Msikilize mwalimu wangu, uniambie neno moja tu analoimba."

Akavaa. Akaongeza sauti. Akavua, akachukua zile za elfu kumi na tano, akaongeza mpaka mwisho. Mimi niliyesimama upande wa pili wa meza nikamsikia mwalimu neno kwa neno, anavuja kutoka masikioni mwa Joachim.

"Kuna mtu anaimba humu kweli?" akauliza, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

Loo! Ndipo nikaelewa. Miaka yote hiyo ya kujaribishia du-du-du kutwa nzima imemla masikio. Besi tu ndiyo inayomfikia, na besi ndiyo anayotuchagulia sisi wenye masikio mazima.

Alipoona navyomtazama, akainamisha kichwa, akanisukumia elfu nane. Nikazichukua. Huruma sikuwa nayo, na leo sina.

Jumamosi Rosemary ataimba shairi langu. Violet atageuza shingo kumtafuta mama yake, na atanikuta nimefunga mdomo.