Risasi Mbili, Tundu Moja

Siku inayonirudia kila ninaposhika karatasi ya shabaha, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwaka 2013, hapa hapa Kasulu, asubuhi yenye baridi ya kutoa moshi mdomoni. Naona unacheka nikikuita mwanangu, kwa sababu kichwani kwangu nywele nyeusi bado ni nyingi kuliko nyeupe. Cheka tu. Siku ile nilikuwa na miaka thelathini na mmoja na nilijiona mtu mzima, kumbe nilikuwa na ndevu tu. Kilichonizeesha si miaka. Nilizeeshwa na tundu moja la risasi, dogo, ambalo hata ncha ya kidole haiingii.

Kesho utasoma karatasi ya shabaha ya mwenzako na kumwandikia alama kwa mara ya kwanza. Msumari nitakupa, na kalamu nitakupa. Kabla ya hapo kaa kwanza, nikueleze jambo ambalo ningependa kulificha.

Wakati ule kijiji chetu kilikuwa kinatafuta walinzi wa wanyamapori, na nafasi tatu zilikuwa zimeshapata watu. Ilikuwa imebaki moja. Tuliobaki kuigombea tulikuwa wawili, mimi na Festo. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Bukuru, mwanajeshi mstaafu, mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Alitufundishia bondeni, kwenye njia ya kwenda Mtabila, kule kwenye kambi ya wakimbizi iliyokuwa imefungwa mwaka uliotangulia. Karatasi zilibandikwa kwenye ubao, na nyuma ya ubao kulikuwa na kichuguu kikubwa cha kumeza risasi. Bunduki ilikuwa ile ndogo kabisa, risasi zake kama punje za maharage. Mzee alisema ukiweza kuwa mkweli na bunduki ndogo, kubwa haitakushinda.

Sasa nikwambie Festo alikuwa nani kwangu. Mimi nilianza vibaya. Nilikuwa nafumba macho kabla mlio haujatoka, navuta kifyatulio kwa nguvu kama mtu anayeng'oa muhogo, na nikikosa naanza kusogeza kilengeo palepale. Risasi moja kulia, nasogeza kushoto. Inayofuata kushoto, nasogeza kulia. Festo ndiye aliyeniambia, "Yoramu wee, acha kukimbizana na tundu la mwisho. Piga tano kwanza, tazama zimekaa wapi zote, ndipo uguse." Akachukua sarafu, akailaza juu ya mtutu wa bunduki isiyo na risasi, akaniambia nivute kifyatulio bila kuiangusha. Jioni ya kwanza iliniangukia kila mara. Aliiokota yeye, kila mara, bila kunung'unika. Baada ya majuma matatu sarafu ikawa inalala pale kama iko mfukoni. Alikuwa ananinoa ili nije nishindane naye, na alilijua hilo.

Tulikuwa na desturi ya Mzee Bukuru, ambayo nanyi mmeikuta. Hakuna anayesoma karatasi yake mwenyewe. Bunduki zikishalazwa chini tupu, mimi nasoma ya kwako, wewe unasoma ya kwangu. Tundu likigusa mstari, unaingiza msumari uliosuguliwa ukawa unene sawa na risasi, na msumari ukigusa mstari mtu anapewa alama ya juu. Mwenye karatasi ana haki ya kuigeuza atazame nyuma, ambako mchaniko wa kila risasi huonekana wazi. Akiridhika, msomaji anaziba matundu kwa vipande vya karatasi na gundi ya unga wa muhogo, na yakishazibwa hakuna tena ubishi.

Siku ya mtihani kila mtu alipiga risasi kumi. Festo alinisoma mimi kwanza, akaniandikia themanini na sita. Palikuwa na tundu moja lenye mashaka, karibu na mstari wa tisa. Aliingiza msumari, akainama, akautazama pande zote, akasema, "Imegusa. Tisa yako." Angeweza kuandika nane na mimi nisingesema kitu.

Kisha nikaenda kwenye karatasi yake. Nikahesabu matundu. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa, yote yamekusanyika katikati kama vifaranga chini ya mama yao, na jumla yake themanini na nne. Risasi moja haionekani.

Lakini mwanangu, mimi nilikuwa na macho. Risasi ile ndogo ni ya madini laini, na ikipita huacha pete nyembamba ya weusi kwenye ukingo wa tundu. Tundu moja la Festo, ndani ya duara la kumi kabisa, lilikuwa na pete mbili zilizopandana. Halikuwa duara, lilikuwa limerefuka kidogo. Risasi mbili zilikuwa zimepita mlango mmoja. Mtu anaweza kupiga miaka mingi asilipate hilo. Nilijua palepale kwamba jumla yake ni tisini na nne.

Nilisimama. Nikaiona ile nafasi, buti, na mama yangu akiwaambia majirani mwanangu ameajiriwa. Nikaona pia kwamba hakuna mwingine aliyeona.

"Umepata ngapi humo?" Mzee Bukuru aliuliza kutoka kule kwenye mstari wa kupigia.

"Themanini na nne, mzee. Moja imeenda kwenye kichuguu."

"Festo kukosa karatasi nzima? Umetazama nyuma?"

"Nimetazama, mzee."

Sikuwa nimetazama. Nyuma ningeuona ukweli mara ya pili, na mara moja ilikuwa imenitosha. Nikamgeukia Festo, nikamwambia kwa desturi, geuza uone mwenyewe. Nilikuwa naomba asigeuze, na nadhani kona moja ya roho yangu iliomba ageuze. Festo akatikisa kichwa. "Ziba tu, mgenzi, rafiki yangu. Macho yako ni yangu."

Nikachovya kidole kwenye gundi, nikaziba.

Hapo pengine ningesameheka, maana tamaa humpata kila mtu. Jambo lililofuata ndilo sijisamehei. Festo alikuwa ameketi kwenye nyasi, anajitazama mikono. Mtu kama yeye kukosa duara la kumi ni kawaida, lakini kukosa karatasi nzima, hapana. Akaniuliza, "Yoramu, nimekosaje?" Nami, ili asifikiri zaidi, ili asiirudie karatasi ile, nikamwekea mkono begani nikasema kwa upole, "Labda ni macho, Festo. Siku hizi naona unayakunjakunja." Uongo mtupu. Wakunja macho tulikuwa wote, jua lilikuwa linatupiga usoni. Akafikiri, akasema, "Kama wewe umeona hivyo, basi ni macho." Akanipa karatasi yake. "Kawashie moto." Akanipongeza, tena kwa moyo mweupe, akaondoka.

Fadhila za punda ni mateke. Msemo huo niliusikia tangu utotoni, na nilidhani wanasemwa watu wengine.

Karatasi sikuichoma. Kila nikiipeleka jikoni mkono ulikataa. Niliikunja nikaiweka chini ya nguo kwenye sanduku, na kazi nikaifanya, miaka miwili. Kazi ilikuwa nzuri, sitadanganya. Lakini nikilala kifudifudi kulenga, badala ya kuona shabaha nilikuwa naona pete mbili. Sarafu ikaanza kuanguka tena. Mzee Bukuru alisema nimerudi kule nilikoanzia.

Festo alihama. Nilisikia yuko Gwarama, kwa wajomba zake, analima. Waliopita huko walisema yu mzima, wengine wakasema hashiki tena bunduki hata kwa kutania. Mwaka 2015, msimu wa kuvuna maharage, nilishindwa kuvumilia. Nikachukua ile karatasi, nikapanda basi la Kibondo, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nikalala Kibondo, na asubuhi nikaendelea hadi Gwarama.

Nilimkuta uani, ameketi kwenye mkeka na mkewe, wanachagua maharage. Sikumtambua upesi. Alikuwa amevaa miwani. Miwani minene ya plastiki, mguu mmoja umefungwa kwa uzi.

"Mwakeye, mgenzi!" akanisalimu kwa furaha, akasimama, akanikumbatia. Mkewe akaenda kuchemsha chai. Nikamuuliza miwani hiyo ni ya nini.

"Si uliniambia macho?" akajibu. "Nilienda sokoni Kibondo, muuzaji akanivalisha moja baada ya nyingine. Mwanzoni ilinitia kizunguzungu. Nikajiambia vumilia, ndiyo dawa inavyokuwa." Akacheka. "Ulinisaidia, Yoramu. Ningejidanganya mpaka leo."

Mwanangu, nimepigwa na watu na nimepigwa na homa. Sijawahi kupigwa kama pale.

Nikaomba maji kidogo kwenye kibakuli. Nikaikunjua ile karatasi juu ya mkeka, nikalowesha kidole, nikakisugua kile kipande cha katikati. Gundi ya muhogo hulainika haraka. Kikabanduka. Nikamgeuzia na upande wa nyuma, ambapo karatasi ilikuwa imechanika mara mbili, nikamwambia yote. Nikamwambia tisini na nne. Nikamwambia na kuhusu macho, kwamba nilitunga.

Akavua miwani, akainama juu ya karatasi. Akaiinua juani. Akaishusha. Akavaa tena miwani, akaangalia, na kidole chake kikafuata pete ya kwanza, halafu ya pili.

"Bila miwani sasa sioni vizuri vitu vya karibu," alisema. "Nimeizoea."

Nikamwambia nitarudi kwa Mzee Bukuru, nitasema, nitaiacha kazi aichukue yeye. Alitikisa kichwa kama siku ile. "Nina mke, nina maharage. Wewe kaseme kwa ajili yako." Alikunja karatasi vizuri, mara mbili, akaiweka mfukoni mwa shati lake, upande wa moyo. Tukanywa chai. Alinisindikiza hadi njiani, kama desturi inavyotaka. Pale tulipoagana akaniambia, bila hasira hata chembe, "Macho yangu yalikuwa mazima, Yoramu. Ila wewe sikukuona."

Nililia ndani ya gari mbele za watu.

Nilisema kwa Mzee Bukuru, na kazi niliiacha. Mzee hakunigombeza. Alinipa msumari wake, huu hapa, akasema, "Kuanzia leo utasoma karatasi za wengine mpaka uzeeke, na kila moja utaigeuza." Nilidhani ananiheshimu. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananihukumu. Nami sijawahi kulala kabla ya kukumbuka kama niligeuza.

Festo alinisamehe, ndiyo. Tunasalimiana, watoto wake wananiita baba mdogo. Lakini hajawahi kunipa tena kitu chochote akaniambia nimtazamie. Hilo halirudi, maji yaliyomwagika hayazoleki.

Basi sikia, mwanangu. Ukilenga, vuta pumzi, iachie nusu, vuta kifyatulio taratibu, usikimbizane na tundu la mwisho. Hayo utajifunza hata bila mimi. Hili ndilo ninalokupa: kesho mwenzako akikwambia ziba tu, usizibe. Geuza. Hesabu. Ukiona matundu tisa, itafute ya kumi kwa bidii ileile ambayo ungeitafuta kama ni yako. Na ukishamkosea mtu, usimpe sababu ya uongo ya kumfariji, kwa maana alama ulizomwibia zitasahaulika, lakini sababu ile ataibeba, ataivaa usoni, ataishi nayo. Na ukikosea ukaogopa kusema, sema siku hiyohiyo, gundi ikiwa mbichi.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, na moyo usioupa mkono sababu ya kutetemeka. Akujalie rafiki wa kukuokotea sarafu, nawe umtunze. Na siku utakayosomwa wewe, msomaji wako awe mtu anayegeuza karatasi.

Haya, chukua msumari.