Jicho la Vitus Kwenye Bunduki

Zenzi hakuwa mtu wa kuchezewa. Miaka yote niliyokaanga soseji kwenye klabu yetu ya shabaha, kule chini ya baa ya kijiji, yeye ndiye alikuwa msimamizi wa ukumbi. Wapo wanaosema bunduki ya upepo ni kitu cha watoto. Mwambie Zenzi hivyo akuonyeshe mlango. Mtutu uelekee shabaha, basi. Ukimaliza, upitishe uzi mwekundu ndani ya mtutu tuuone umetokeza, tujue haina risasi, ndipo ukanywe bia yako. Siku moja padre wetu aligeuka na bunduki mkononi ili amsalimu mtu.

"Baba, nje," Zenzi alimwambia. "Katubu kwanza."

Padre akatoka, tena bila kunung'unika.

Mume wa Zenzi, Vitus, alikuwa seremala, na ndiye aliyekuwa mfalme wetu. Kwetu mfalme ni yule aliyepiga karibu zaidi na kitovu cha shabaha siku ya shindano. Huvishwa mnyororo wa sarafu za fedha, akakaa nao nyumbani mwaka mzima. Wa pili huvishwa mnyororo wa soseji, tukamcheka. Vitus hakuumaliza mwaka wake. Februari moyo ulimsimama akiwa anapiga randa, na mnyororo ukabaki unaning'inia kwenye msumari chumbani mwao.

Zenzi hakulia kanisani, hakulia makaburini. Nilimpelekea supu, akala, akaosha bakuli, akanirudishia.

"Unajisikiaje, shoga yangu?"

"Sijisikii."

Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia lakini si wako. Mimi nilikasirika, nasema kweli. Nilitaka apige kelele, avunje hata sahani moja.

Siku ya shindano ikafika, na desturi ni desturi: mnyororo lazima urudi. Zenzi alikuja nao kwenye kikapu cha sokoni, na bunduki ya Vitus begani.

"Leo na mimi napiga," akasema.

Hakuwahi kushindana maishani mwake. Kila mtu alielewa kwamba hataki mnyororo utoke nyumbani kwake, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Isipokuwa Korbinian, kaka yake Vitus, ambaye alikuwa ameshapiga, tena vizuri mno, na domo lilikuwa halifungiki.

"Shemeji, uweke hapo mezani. Mwenyewe nipo."

Zenzi akapiga za majaribio. Niliacha kikaango nikaenda kutazama. Mkono wake ulitulia mpaka nikaogopa. Risasi tano ziliingia karibu tundu moja, lakini chini, kushoto, mbali kabisa na kitovu.

"Bunduki haina kosa," Korbinian akasema. "Imerekebishwa kwa jicho la marehemu. Zungusha hizo skrubu za kulengea, ipande, iende kulia."

"Hapo ni jicho lake. Sipagusi."

"Haya, nipe mnyororo wangu."

Zenzi alikitazama kikapu. Kisha akazungusha, tik, tik, tik. Akapiga ya majaribio, akazungusha tena. Ilipofika ile moja inayohesabiwa, ikaingia katikati.

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Korbinian, soseji shingoni, ndiye aliyemvisha mnyororo. Zenzi akasema asante, akaifunga bunduki sandukuni, akaenda zake na uso mkavu vile vile.

Asubuhi nilimpelekea mkate. Nilimkuta mezani jikoni, mnyororo bado shingoni, bunduki tupu mbele yake. Alikuwa anazungusha skrubu, anachungulia kwenye tundu la kulengea, anarudisha nyuma, anachungulia tena.

"Notburga, jana nilizungusha mara ngapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Miaka yote nawaambia watu wahesabu, ukitaka kurudi ulipotoka uwe unajua njia. Na mimi sikuhesabu."

"Muulize Korbinian."

"Nimemwuliza. Hajui." Aliiachia skrubu. "Pale ndipo alipokuwa amebaki, mwenzangu. Nimemtoa kwa mkono wangu."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, sarafu zikigongana kifuani, mpaka jirani wa ng'ambo akafungua dirisha. Nilimshika, wala sikumwambia anyamaze.